Nahodha wa Kikole

Kilwa Masoko, Jumatatu, 17 Machi 1975

Kapteni Abdurahmani ametuamuru kila mwanafunzi awe na shajara, eti baharia asiyeandika siku zake hana tofauti na gunia alilopakia. Hatazisoma. Amesema hana muda wa kusoma upuuzi wetu. Basi nitaandika nitakavyo.

Mvua imeanza leo. Mafunzo yatakwisha pamoja na masika, na mwisho wake atachukuliwa mmoja tu awe meti mwanafunzi, msaidizi wa nahodha, kwenye meli ya serikali inayozunguka pwani hii. Wengine tutarudishwa tulikotoka. Mimi nilikotoka hakupo tena. Nyumba yetu, ndani kwenye mikorosho ya Kitomanga, mwaka jana walikuja vijana wenye amri wakaivua paa huku mama yuko jikoni, wakatusomba hadi kijiji kipya kando ya barabara. Baba sasa analala chini ya turubai. Nikishindwa hapa, jina langu Bakary Likwata litaandikwa kwenye orodha ya shamba la kijiji, nami nitaingia chini ya turubai hilo na sitatoka. Afadhali nife.

Nimepangwa jozi moja na Huseni. Mama yake ni Shangazi Sada, dada wa baba, aliyeolewa hapa hapa Masoko, kwa hiyo mimi na Huseni ni watani tangu kuzaliwa. Utotoni alinificha viatu siku ya Idi, nikaenda kuswali pekupeku. Jioni akavirudisha, watu wakacheka, nami nikacheka. Ndiyo desturi. Mtani hakasirikiwi.

19 Machi

Mvua kutwa. Ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Hakuna jua, hakuna kazi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo jua limetoka na tumepima kwa mara ya kwanza pale ufukweni. Sekstanti ni kifaa cha shaba chenye darubini na vioo viwili. Unalitazama jua, unalishusha kwenye kioo taratibu mpaka liguse upeo wa bahari, unapiga kelele "Sasa!" Hapo mwenzako anasoma saa kwa sauti, dakika na sekunde, nawe unaandika. Kisha mnabadilishana. Ile pembe ya jua na ile saa, ukiviingiza kwenye vitabu, vinakuambia umesimama wapi duniani.

Hesabu ya Huseni ilimweka ufukweni, karibu na alipokuwa amesimama kweli. Yangu iliniweka maili kumi na tano magharibi, nchi kavu, porini, njia ya kwenda Kikole.

Kapteni aliitazama karatasi yangu, akanitazama mimi. "Kikole kuna bahari siku hizi?"

Darasa zima likaangua kicheko.

25 Machi

Maulidi. Chuo kimefungwa. Huseni amesoma kasida mbele za watu kwa ile sauti yake tamu, wasichana wakawa wanachungulia. Sauti anayo. Akili yake ningeipa wastani.

28 Machi

Maili kumi na tano magharibi. Tena.

Jumatano, 2 Aprili

Maili kumi na tano. Safari hii Kapteni hakucheka. Alimtuma mtu jikoni kwa Mwahija, mpishi wetu, akaleta jembe la bustani. Akalifunga kamba, akanivika shingoni.

"Ndugu zangu," akasema, "mpigieni saluti Nahodha wa Kikole. Meli yake inapita kwenye mihogo."

Wakapiga saluti mmoja mmoja. Huseni alikuwa wa kwanza na saluti yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Nimekaa na jembe shingoni mpaka adhuhuri, nikifanya hesabu, chuma kikinigonga kifuani kila nilipoinamia meza. Evaristo, ambaye baba yake ni fundi wa mitambo kule Nachingwea na ambaye hana ubaya na mtu, ndiye pekee aliyetazama pembeni. Nilimchukia kwa huruma yake kuliko nilivyowachukia waliocheka.

Ijumaa, 4 Aprili

Baada ya swala nilikwenda kula kwa Shangazi, kama kila Ijumaa. Alikuwa amenipikia maini.

"Huseni ananiambia macho yako mabovu, mwanangu," akasema. "Maini yanatia nuru. Kula yote."

Huseni alikuwa amekaa mkekani, anachokoa meno. "Mpe na supu yake, mama. Huyu haoni hata aibu."

Shangazi akamtupia kawa, akacheka. Nami nikacheka. Nikala maini yote.

9 Aprili

Tomaso amefukuzwa. Kila mashua ikitoka nje ya mlango wa bandari anatapika, na leo alitapika juu ya viatu vya Kapteni. Alipobeba sanduku lake alilia waziwazi. Nilimwambia asisahau kunitafutia shamba zuri Kikole. Wenzangu wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa hawakunicheka mimi. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Kapteni amesema mwisho wa wiki hii atanitoa. Nimemwomba anipe hizo siku chache nitafute kosa langu. Akasema nilitafute, lakini atashangaa nikilipata nje ya kichwa changu. Kisha, kwa kuwa kumbe hawezi kujizuia kufundisha hata anapotukana, akaongeza: "Sikiliza, Likwata. Kosa la mkono unaotetemeka hutawanyika, leo huku, kesho kule. Kosa lako linaangukia palepale kila siku. La namna hiyo lina chanzo kimoja. Kitafute."

Nimeanza na sekstanti yenyewe. Unaiweka kwenye sifuri na kutazama upeo wa bahari: ukionekana mstari mmoja ulionyooka, vioo viko sawa. Ukivunjika kama ngazi, vioo vimekaa upande. Ulikuwa mstari mmoja. Nikapima upya urefu wa jicho langu kutoka usawa wa maji. Sawa. Nikarudia hesabu zote za mwezi mzima, nikampa na Evaristo azirudie. Sawa. Saa ya mkononi tunayotumia mimi na Huseni ni moja, tunairekebisha kila asubuhi kwa milio ya redio, na Huseni akiitumia anapata jibu sahihi.

Sekstanti ile ile, saa ile ile, mchanga ule ule. Basi kilichobaki ni jicho langu. Nimekaa nikijitazama kwenye kipande cha kioo, nikiziba jicho hili, kisha lile.

Jumanne, 15 Aprili

Mchana tulitoka na mashua ya chuo hadi nje, penye bahari wazi pande zote, tukapima jua la utosi. Kipimo hicho hakihitaji saa. Unalifuata jua likipanda, likifika kileleni na kuanza kushuka unaandika pembe basi, na inakuambia uko kaskazini au kusini kiasi gani.

Nilikuwa sahihi. Sahihi kuliko Huseni.

Kapteni akaguna. "Hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku."

Jumatano, 16 Aprili

Nimefikiri kutwa, hata chakula sikugusa. Jicho likiwa bovu, lingekuwa bovu hata mchana. Linapotakiwa jua peke yake, sikosei. Linapotakiwa jua pamoja na saa, nakosea, na siku zote magharibi, na siku zote kiasi kile kile. Nilichukua karatasi nikageuza hesabu kinyumenyume: saa ingekuwa imekosewa kiasi gani ili inipeleke maili kumi na tano magharibi? Jibu ni dakika moja mbele. Dakika moja kamili.

Saa haina kosa. Lakini mimi siisomi saa ninapopima. Anaisoma Huseni.

Niliweka kalamu chini. Nilikataa kuamini, naandika kwa haki. Mtani akikuficha kitu asubuhi, jioni anakirudisha na watu wanacheka, mambo yanakwisha. Sijawahi kusikia utani wa mwezi mzima. Sijawahi kusikia mtani anayemwacha mwenzake avikwe jembe na yeye anapiga saluti.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi nilimwambia Huseni tumbo linanisumbua, aende akapime na mwingine. Nilimchukua Evaristo anisomee saa. Nikafanya hesabu pale pale mchangani, nimepiga magoti.

Ikaniweka ufukweni.

Evaristo akanipiga mgongoni kwa furaha. "Umepona, ndugu yangu!"

Ijumaa, 18 Aprili

Nilimkabili Huseni mbele ya wote, darasani, Kapteni akiwepo. Nilieleza hatua kwa hatua: vioo, urefu wa jicho, jua la utosi, dakika moja. Nikaweka karatasi ya jana mezani. Nikasema, "Kila nilipopima, huyu alinisomea dakika moja zaidi."

Huseni akainuka polepole, akafungua mikono kwa watu.

"Utani, bwana! Nimemsubiri ashtuke, hashtuki. Wiki ya kwanza nikasema kesho atajua. Ya pili, kesho atajua. Huyu binamu yangu jamani, mpaka nilianza kumhurumia!"

Darasa lilipasuka. Watu waligonga meza. Kapteni Abdurahmani mwenyewe alivua miwani akafuta machozi kwa kucheka.

"Kapteni," nikasema, "nimevikwa jembe."

"Umevikwa, na lilikupendeza." Akavaa miwani yake. "Mambo ya utani hayaletwi mezani kwangu, Likwata. Ninyi ni watani, malizaneni kiutani. Mimi nimejifunza jambo moja tu: baharia aliyeshindwa kujua ni dakika ya ngapi kwa mwezi mzima, mimi simpi meli. Alama zilizoandikwa zimeandikwa. Sikufukuzi, utakaa mpaka mwisho ufute vyombo. Mtihani wa bahari atafanya Huseni."

Huseni alikuja kunikumbatia. Alinukia sabuni ya kuogea, ambayo wiki hizi haipatikani dukani. Akaninong'oneza sikioni, taratibu, bila mzaha wowote: "Ningekuambia wiki ya kwanza, nafasi ingekuwa yako. Wewe unajua kupima kuliko mimi."

Kisha akaniachia na kucheka kwa sauti. Watu wote wakanitazama, wakingoja. Nikacheka.

21 Aprili

Mvua. Nafuta vyombo.

26 Aprili

Mvua. Nafuta vyombo. Shangazi amenipikia maini tena. Sikumwambia kitu.

3 Mei

Amekuja mtu wa Kitomanga. Anasema baba anakohoa, na turubai limechanika upande wa kichwani.

Jumatatu, 12 Mei

Kesho Huseni anaondoka na mashua kwenda nje, mbali, pasipoonekana ardhi. Keshokutwa kutwa atapima, na Alhamisi asubuhi airudishe ndani ya mlango wa Kilwa kwa hesabu zake mwenyewe. Kapteni atakuwemo lakini sheria ya mtihani inamkataza kusema neno. Evaristo anakwenda kwa ajili ya injini.

Leo mchana nilipewa sekstanti niisafishe kwa safari. Nyuma ya kioo kidogo kuna skurubu. Niliigeuza. Kidogo tu, chini ya robo ya mzunguko, kisha nikatoka nje nikaiweka kwenye sifuri nikautazama upeo. Ulivunjika ngazi. Sasa inasoma zaidi ya ukweli. Jua litaonekana juu kuliko lilipo, na mwenye kupima atajiona yuko kaskazini kuliko alipo, maili sita hivi.

Utani hujibiwa kwa utani. Yeyote atakayefanya tulichofundishwa siku ya kwanza, kuiweka kwenye sifuri na kutazama upeo kabla ya kupima, ataliona kosa mara moja. Na hata hivyo nitamwambia asubuhi gatini, mbele ya watu, ili nione uso wake.

Jumanne, 13 Mei

Gatini walikuja watu wengi. Shangazi alimletea mwanawe kikapu cha mikate ya kumimina. Nilikuwa nimebeba kisanduku cha sekstanti. Maneno niliyapanga njia nzima.

Huseni alikipokea kisanduku, akanishika bega, akapaza sauti wote wasikie. "Binamu, ukirudi kwenu mwambie mjomba asihangaike na paa. Nikishakuwa meti nitamletea tanga bovu la meli, ajifunike vizuri, akohoe kwa raha!"

Watu walicheka. Shangazi alimpiga kibao cha mgongo, "Mjomba wako huyo, mshenzi wewe," naye anacheka. Ni kaka yake tumbo moja, na anacheka.

Nikacheka pia. Nikamwambia safari njema. Sikusema lingine.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi jua, mchana jua. Ataliona kosa. Lazima ataliona. Jioni mvua kubwa kutoka kusini.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua haikuachia hata kidogo. Nimesimama gatini tangu alfajiri, kisiwa cha Kisiwani kilicho mbele yetu hakionekani. Mashua haijaingia. Shangazi alikuja na mwavuli, akasimama karibu nami, akaniuliza, "Wewe unayejua mambo haya, wanaweza kuwa wapi?"

Nilijua walipo. Nilijua kwa maili. Nikamwambia labda wanasubiri mvua ipungue.

Ijumaa, 16 Mei

Wameletwa asubuhi na wavuvi wa Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya mlango, kwenye ngalawa mbili. Evaristo, miguu imechanwa na mwamba. Kapteni, mkono umevunjika. Huseni, amefunikwa tanga.

Evaristo alinieleza huku ananishika shati. Juzi Huseni alipima vizuri, mara tatu, ana furaha. Hakuiweka kwenye sifuri hata mara moja. Alisema, "Chombo kilichofutwa na binamu yangu hakihitaji kukaguliwa, huyo hana kazi nyingine." Alfajiri ya jana akaelekeza mashua magharibi, pale alipoamini pana mlango. Mvua haikuwaacha waone hata mbele ya mashua. Walisikia mawimbi yakipasuka kabla hawajaona kitu. Kapteni akapiga kelele, lakini walikuwa wameshapanda mwamba wa Songo Mnara. Huseni alikuwa mbele kabisa, anatafuta mlango.

Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa.

Lazima niandike jinsi ilivyokuwa nyumbani kabla ya kumtoa. Shangazi alikuwa amekaa na maiti, halii, hasemi, macho makavu. Wanawake walikuwa wanaogopa. Mzee mmoja wa upande wa baba yake Huseni akanijia. "Wewe ndiye mtani wake. Fanya kazi yako. Mama yake akikaa hivi atapasuka."

Kazi ya mtani msibani kila mtu anaijua. Jeneza lilipoinuliwa nikajilaza mlangoni, njia ikazibika. Sauti ilinitoka yenyewe.

"Hatoki! Huyu mwizi hatoki! Alipe kwanza dakika zangu!"

Mtu akacheka. Nikaendelea. Nikamwiga anavyosoma saa kwa madaha. Nikaiga ile saluti. Wanafunzi wenzangu wakaanza kucheka uani. Nikamwambia maiti ameiacha bahari yote akaenda kupanda jiwe kama mbuzi. Vicheko vikaongezeka, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Shangazi, kitu kati ya kikohozi na kilio.

Ndipo nikasema. Sikupanga. Nilikuwa chali kizingitini, mvua inanipiga usoni, nikapiga kelele: "Nimemuua mimi! Sikieni! Nimegeuza skurubu ya kioo, nikampa chombo kibovu, nikamwambia safari njema! Mimi ndiye!"

Uani kote walicheka. Walicheka mpaka wakashikana. Mzee yule alijipiga mapaja. Shangazi alitoka nyuma ya pazia akiwa anacheka, machozi yakimtiririka hatimaye, akanipiga kwa kanga yake, "Toka mlangoni, muuaji wewe, mwache mwanangu aende!"

Nikatoka. Wakampitisha.

Kapteni Abdurahmani hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kwenye kitambaa, ananitazama. Yeye peke yake pale anajua skurubu ya kioo ni nini.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, aliniita.

"Sekstanti imezama," akasema.

"Ndiyo, Kapteni."

"Sikuikagua. Sheria inanikataza kusema, hainikatazi kukagua. Wakubwa wakijua, mimi nimekwisha." Akavuta pumzi kwa maumivu. "Nitaandika kwamba ni mvua. Meli ya serikali inapita wiki ijayo na inataka mtu. Ulipima jua la utosi vizuri kuliko wote. Utakwenda wewe."

Nilitaka kukataa. Naandika kwa haki: nilitaka, kisha nikaliona lile turubai.

"Ahsante, Kapteni," nikasema.

"Usinishukuru," akasema. "Na usinisogelee tena."

Jumatatu, 19 Mei

Leo tumesoma khitma. Watu walipoondoka nilibaki kukunja mikeka. Shangazi alikuwa ameshasikia kwamba nafasi ya meli nimepewa mimi. Nilitegemea atanuna, au aseme mmekuwa wepesi kumsahau mwanangu. Badala yake alinishika mikono yote miwili, akanikalisha mahali Huseni alipozoea kukaa.

"Afadhali nafasi imebaki kwetu," akasema. "Ingekwenda kwa mtu baki ningeumia zaidi. Na lile ulilonifanyia Ijumaa, mwanangu, la kunichekesha siku ile, sijui ningefanyaje bila wewe. Mungu akulipe."

Nikasema amina. Akanipakulia wali wa nazi na samaki, akaketi mbele yangu, akanitazama mpaka nikamaliza sahani.